Mstari Uliolificha Faili la Mtoto

Saa mbili asubuhi, Fundi Miwani ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya dawati la mapokezi la zahanati. Anaandika jina la mgonjwa kwa herufi za kigeni, anahifadhi, anafungua. Anafuta, anaanza upya.

"Leo niko kwenye mtihani," ananiambia bila kugeuka. "Mganga mkuu amenipa mpaka saa sita. Nikishindwa, wanarudi kwenye makaratasi na mimi narudi nyumbani."

Ni mama wa miaka hamsini na moja, mwenye programu ya kumbukumbu za wagonjwa aliyoiandika peke yake: mistari elfu thelathini kwa miaka kumi na tisa. Ni mpole kupita kiasi, wa kuiomba radhi kompyuta kabla ya kuizima.

Wiki iliyopita aliletwa mtoto wa miaka sita, mgeni, ana homa. Jina lake lilihifadhiwa kwa herufi za kwao. Programu ikasema faili halipo. Lilikuwepo, na ndani yake mlikuwa na onyo kwamba dawa fulani inamdhuru. Muuguzi alikuwa ameshashika sindano, mama wa mtoto akawahi kumzuia.

Kosa lilikuwa la Fundi. Kwa kazi nyingi, Windows, mfumo unaoendesha kompyuta hizi, ina milango miwili ya kupitishia maandishi. Wa zamani, unaoishia na A, unajua herufi chache, na usizozijua huzigeuza alama za kuuliza. Mpya, unaoishia na W, unapokea herufi za karibu kila lugha. Kwa kuwa alianza enzi za mashine zisizoujua W, aliandika jina la jumla, lisilo na A wala W, kisha swichi moja ikawa inachagua mlango kwa programu nzima.

Mashine zilipobadilika, akageuza swichi. Kila mstari ukatii, isipokuwa ule wa kufungua faili. Pale alikuwa ameandika A kwa mkono wake, hivyo jina la mtoto likageuka alama za kuuliza na faili lake halikuonekana.

"Nilikuwa na haraka, nikasema nitarekebisha kesho. Hiyo kesho ndiyo leo," anasema. Anavua miwani, anaifuta. "Na nilikuwa najaribu kwa majina ya wanangu tu. Wanangu wanafunguka kila siku."

Saa sita kasorobo, muuguzi anaandika jina la yule mtoto. Faili linafunguka, onyo likiwa juu kwa maandishi mekundu.

"Hilo hapo, dada," anasema muuguzi. Mganga mkuu anatazama, anaitikia kwa kichwa, anarudi kwa wagonjwa wake. Nakiri hata mimi nilishusha pumzi.

Zahanati nyingine tatu zinatumia programu hiyohiyo, na hakuna iliyolalamika. Mumewe, seremala, amemshauri arekebishe kimyakimya: funika kombe mwanaharamu apite.

"Nikamwambia, mwanaharamu gani, baba? Aliyetaka kupita pale ni mtoto wa watu."

Kesho asubuhi ataanza na ile kubwa kuliko zote, inayomlipa nusu ya kipato chake. Ameuchapisha ule mstari kwenye karatasi, akauzungushia kalamu.

"Nitawaonyesha nilipokosea, halafu niwaombe niutoe mbele yao," anasema. "Wakinifukuza, basi. Lakini hakuna mama mwingine atakayelazimika kuudaka mkono wa muuguzi kwa ajili yangu."