Siku Tuliyoweka Nyundo Chini

Reli ya Wajerumani ilipokaribia Dodoma, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tulitoka Haneti kwenda kuponda mawe. Mtama ulikuwa umekauka shambani, na kwenye reli kulikuwa na chakula. Mume wangu alibaki na ng'ombe wachache waliosalia.

Kazi ilikuwa chini ya kilima. Wanaume waliwasha moto juu ya mwamba, ukishapata moto sana wanaumwagia maji, unapasuka kwa kishindo. Mapande yake waliyavunja kwa nyundo kubwa, kisha sisi wanawake tukayaponda kwa nyundo ndogo. Mawe ya kadiri ya ngumi yalikwenda kutandazwa chini ya reli. Kokoto ndogo tulizichekecha vumbi litoke, zikachanganywa na saruji na mchanga wa korongoni kujengea madaraja. Nilijifunza upesi. Jiwe halipigwi popote; unaligeuza mpaka uuone mshipa wake, ndipo unagonga. Nilikuwa hodari, na nilijijua.

Asubuhi moja kibanzi cha jiwe kiliruka kikamwingia wifi jichoni. Alipiga yowe, damu ikamchuruzika shavuni. Nikamwendea nyapara wetu, mtu wa pwani aliyevaa kanzu hata kwenye vumbi lile.

“Bwana, niruhusu nimpeleke kwa mganga wa kambi.”

“Mtakwenda jua likizama. Rudi kazini.”

“Jua likizama jicho litakuwa limekwisha.”

Akanionyesha kiboko. Nilimwogopa, sitasema uongo, lakini niliiweka nyundo yangu miguuni pake nikaketi. Nikawaambia wenzangu kwa Kigogo, “Leo ni jicho la wifi yangu. Kesho la nani?”

Mama mmoja wa Kondoa hakukielewa Kigogo, ila alinielewa nilivyoketi. Akaweka yake chini. Akafuata mwingine, na mwingine, mpaka kilima kizima kikanyamaza. Tuliwasikia kunguru.

Nyapara alitupia jicho barabarani, alikozoea kupita Mzungu wake. Matoroli yalikuwa yakingoja kokoto.

“Haya, mpeleke,” alisema kwa sauti ya chini. Kisha akawageukia wengine. “Nanyi shikeni kazi!”

“Tutashika tukishawaona wamefika,” alijibu yule mama wa Kondoa, bila kuinuka.

Mganga alikitoa kibanzi kwa koleo dogo huku nimemshika wifi kichwa. Aliniuma mkono kwa maumivu, nikamwacha aume. Jicho lilibaki na ukungu kidogo, lakini lilipona, na lilimtosha kumwona kila mjukuu aliyezaliwa.

Tangu siku ile, aliyeumia pale kilimani hakuomba ruhusa. Aliondoka tu kwenda kutibiwa. Mganga alikuwa amemkataza wifi nyundo, kwa hiyo nilikwenda kumwombea kazi ya kuchekecha. Nyapara alikubali kabla sijamaliza kusema.