Chumvi ya Kilima cha Chini

Asubuhi ile niliondoka Kirolirwe bila kujua ninaelekea wapi. Fimbo ya kuchungia niliiegemeza mlangoni kwa tajiri wangu, nikashika barabara.

Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Nilipochunga ng'ombe wake, nililala kifudifudi kwenye kilima cha chini mpaka nikaona kandege kadogo, rangi ya majani makavu, kakijipenyeza chini ya nyasi. Viota vilikuwa vingi, vyote ardhini, mahali kwato hufika.

Nilimwomba tajiri tuache kilima kile mpaka makinda yaruke. Akacheka, akauliza kama ni ndege au yeye anayenilisha. Nikamwonyesha kwamba majani ya juu yalitosha, na haya ya chini yangetufaa wakati wa kiangazi. Mwishowe akanipa mkono mbele ya mke wake.

"Kilima njo yako," alisema. "Hata ngombe moja haitaingia."

Kila mchungaji anajua: ukiweka chumvi mahali, ng'ombe watasimama hapo kutwa. Mimi nilikuwa naiweka juu, kwenye mawe. Ilipoisha akanituma sokoni, nikarudi na gunia mgongoni. Kesho yake akanituma tena, nipeleke maziwa barabarani. Niliporudi, ng'ombe wote walikuwa katikati ya kilima cha chini wakilamba chumvi niliyoibeba. Chini yao palikuwa matope na manyoya. Kandege kamoja kalizunguka hewani, hakana pa kutua.

"Papa, ulinipa mukono," nilimwambia tajiri.

"Kule juu kuko mbali, maziwa inapunguka," alijibu, bila kuona haya. "Na kama ungekuwa hapa ungekatala. Njo maana nilikutuma."

Hilo la mwisho ndilo lililonitoa kwake.

Nilitembea, kisha nikapata pikipiki iliyobeba bidoni, madumu matupu ya plastiki, na jioni nikashuka Kalembe, nisikomjua mtu. Mama mmoja alikuwa anaanua mihogo. Nikamwomba pa kulala.

"Uko mwizi ao mupita njia?"

"Mupita njia, Mama."

"Wote wanasemaka vile."

Lakini alinifungulia chumba. Kwenye kona, ndani ya kikapu kilichopasuka kilichowekwa sakafuni, kuku alikuwa anaatamia.

"Usimutoshe mu kikapu. Chumba iko yake, wewe uko mugeni."

Nikamwuliza mpaka lini.

"Mpaka vitoto vitoke. Hakuna mwenye atamugusa."

Alisema kwa upole, na huenda alimaanisha. Hata hivyo nilitandika mkeka wangu katikati ya kuku na mlango.