Baraka Iliyosikika Kama Jeraha

Miaka ile askari wa Uganda walipokuwa Butembo, mjukuu wetu wa kwanza alishikwa na homa ya mapafu, akiwa bado mchanga. Kituo cha afya kilimpangia sindano za kila siku, na muuguzi alitusihi tusiruke hata moja. Kati ya nyumba yetu na kituo palikuwa na bariyeri, mti uliolazwa juu ya mapipa, na askari wakikagua wapitao.

Binti yetu, mama wa mtoto, hakuwa amepata nguvu tangu kujifungua, kwa hiyo mke wangu ndiye aliyempeleka mtoto. Siku moja alirudi akihema, akafunga mlango, akaniambia:

"Papa, kesho tunarudia ku kijiji, Vuhovi. Soda wa ku bariyeri ameweka mukono ku kichwa ya mutoto, akasema Mungu amublesse."

"Alisema kwa luga gani?"

"Kingereza. Mais neno ni ile ile. Si njo banasemaka ku radio, bablessé huku, bablessé kule? Na alikuwa anacheka."

Nilisomeshwa Kifaransa katika shule ya makatekista, na kwa Kifaransa neno hilo ni kujeruhi. Vita ilikuwa imelifikisha hata jikoni kwa wasiosoma. Vuhovi hakukuwa na dawa. Kubaki nako ni kumpitisha mtoto kila siku mbele ya mtu aliyemtamkia jeraha. Nikasali, kisha nikaenda parokiani kwa padri wetu mzee, aliyewahi kusoma Uganda.

Alinisikiliza, akacheka hadi akavua miwani.

"Katekista, yule soda amebariki mutoto. Kwa Kingereza, bless ni kubariki."

"Neno moja, mon père?"

"Masikio njo yanasikia moja. Maneno ni mbili, kila moja iko na mama yake."

Kisha akaacha kucheka. Alinieleza mzizi wa neno hilo kama mwalimu wake alivyomfundisha: zamani sana, wenye lugha ile walipotaka kukitakasa kitu walikipaka damu, na huko kupaka damu ndiko kulikoitwa hivyo. Polepole damu ikatoka katika maana, yakabaki maneno ya kutakiana heri. Siku hizi hata mtu akipiga chafya huambiwa neno hilo.

Miaka mingi nilikuwa nimewafundisha watoto habari za damu kwenye miimo ya milango kule Misri, na jinsi kifo kilivyozipita nyumba zile. Sikuwahi kuwaza kwamba lugha ya watu wa mbali ingeweza kuficha jambo kama hilo ndani ya neno fupi namna ile, wala kwamba mtu mwenye bunduki angelileta hadi juu ya kichwa cha mjukuu wangu bila kujua amebeba nini.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu, lakini hakuridhika. "Padri alikuwa ku bariyeri?"

"Hapana."

"Donc hakusikia."

Hata hivyo kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, nami nikatangulia. Askari yule yule aliinua mti. Mke wangu hakupita. Alimshusha mtoto, akamfunua uso.

"Sema tena ile neno ya jana."

Askari akashangaa. Akaiweka bunduki begani, akalisema taratibu, kisha akaongeza kwa Kiswahili: "Nilimwombea, mama. Anakohoa sana."

Mke wangu alimtazama usoni. "Amina," akasema, akamfunika mtoto, tukapita kwenda kwenye sindano.