Jani la Isale na Ufa wa Kiboriloni

Nyumba ya Kiboriloni niliinunua kiangazi, niipangishe, kodi imtibu mama. Ilinukia rangi mpya, nami mjinga nikaisifu. Masika yalipoanza rangi ikabanduka, na ufa ukajitokeza toka msingi hadi lenta, unapitisha mkono. Mpangaji akahama siku hiyo hiyo.

Nilipomwita muuzaji, alikuja na jani la isale. Kwetu Wachagga, ukiletewa isale lazima usamehe.

"Pokea, mwanangu, tusigombane."

"Shikamoo, mzee," nilisema nikisaga meno. "Ufa uliujua?"

"Nyumba gani haina ufa?"

"Uliujua?"

Akanisogezea jani.

Nililipokea jani, nikalichomeka kwenye ufa. Likazama lote.

"Halijaziba," nikamwambia. "Kamlete fundi kwanza, ndipo nisamehe."