Maneno ya Mwisho ya Hovsep Terzian

"Shoga, jana nimemwota baba. Kaniambia yale maneno."

Araksi Terzian alisema hivyo akiwa kwenye usukani, tukisubiri mlinzi wa lango la studio atafute majina yetu kwenye orodha. Nilijua maneno yepi. Kiangazi kile kizima nilikuwa nimekaa kando yake, mimi mwandishi mwenzake, katika vituo vitano vya runinga, akiuza wazo la tamthilia yake ya madereva wa mabasi ya shule wa mji wa Fresno. Hapa Burbank, mji wa studio za runinga, huanzi na hadithi, unaanza na jeraha lako. Wakubwa wanataka kujua kwa nini wewe na si mwingine. Basi Araksi alianza na baba yake, Hovsep, aliyeendesha basi miaka thelathini na moja, akafia hospitalini mkono wake umo mkononi mwa bintiye, akisema: "Andika habari zetu, binti yangu." Kabla ya maneno hayo sauti yake ilikatika, kila mara hapo hapo.

"Si alikwambia kweli?" nikamuuliza.

"Wapi! Nilitunga mimi, kabla ya mkutano wa kwanza. Ya kweli hayakufaa kuuzia. Sasa nayatafuta ya kweli, siyapati. Nikifumba macho nasikia haya haya."

Hicho kilikuwa kituo cha sita, na cha mwisho. Wakikataa hawa, kazi ya miaka minne inarudi sandukuni.

Mapokezini tuliletewa chupa za maji, kama kawaida. "Maji yao nimekunywa mpaka nimevimba," Araksi akaninong'oneza. "Pilau yao ndiyo sijaiona."

Mkubwa wao, Bwana Pruitt, alikaa na wasaidizi wawili. "Karibu, Bi. Araksi. Sifa zako zimetufikia. Haya, tupe."

Akaanza. Basi la manjano, ukungu wa alfajiri, Hovsep anayejua ni mtoto gani hajanywa chai. Akafika hospitalini.

"Nilimshika mkono. Akaniambia..."

Nikahesabu mpaka tatu, muda wa sauti yake kukatika, kama tulivyozoea. Tatu ikapita. Araksi alikuwa akitazama runinga kubwa iliyozimwa, ukutani nyuma ya Pruitt.

"Akaniambia, 'Hebu toka hapo, sioni.' Nilikuwa nimeiziba runinga. Alikuwa anatazama besiboli. Nikatoka. Hakusema tena."

Msaidizi mmoja alicheka, akakimeza kicheko. Pruitt akaweka kalamu chini taratibu.

"Pole sana, Bi. Araksi. Tumeipenda. Tumeipenda mno."

Katika mji wetu hakuna anayekataliwa usoni. Ukipendwa mno, chukua mkoba wako. Simu ya wakala wetu ilikuja keshokutwa yake, lakini sisi tulijua tangu mlangoni.

Garini sikuweza kujizuia. Miaka ile minne ilikuwa yangu pia. "Yale mengine yangeuza, Araksi."

"Yangeuza."

"Sasa?"

Hakuwasha gari. Alishika usukani kwa mikono yote miwili, juu, kama dereva wa basi.

"Alikuwa amekasirika kidogo," akasema. "Unajua? Ile sauti yake ya kukasirika kidogo. Nilikuwa nimeisahau kabisa."

Kisha akalia, bila mpangilio, kamasi zikimtoka, nami sikuhesabu.