Mtungi wa Nne

Waandishi wa magazeti wakiniuliza nilianzaje muziki wa panki, huwa nawaambia habari za hasira ya vijana na kiu ya uhuru, maneno ambayo meneja wangu alinikaririsha ndani ya gari. Ukweli ni kwamba nilianza kwa sababu ya mashine ya kusaga unga.

Mashine hiyo ilikuwa ya mama mdogo, nje kidogo ya Mutomo, na kazi yangu ilikuwa kumimina mahindi. Ilikuwa ya dizeli, kuukuu, na ikiwashwa hata mbuzi walihama. Binamu yangu, aliyekuwa akiuza mbuzi Zombe siku za soko, alikuja mara kwa mara kupiga porojo, na alipochoka kuongea alipiga mitungi mitupu ya plastiki kwa vijiti. Siku moja alimleta rafiki yake, fundi wa redio, kijana wa familia ya Kiislamu ya Kitui mjini, aliyekuwa na gitaa la umeme na spika aliyoing'oa kwenye redio iliyokufa. Tukawa bendi. Tulifanya mazoezi mashine ikiwa inanguruma tu, kwa kuwa ikizimwa majirani walitusikia. Na ili nisikike juu ya ile injini ilinibidi nipige mayowe mpaka koo likachubuka.

Ni fundi aliyetuambia, baada ya kutazama video kwenye simu, kwamba mayowe yetu yana jina.

"Hii ni panki, wallahi," alisema. "Sisi ni panki na hatukuwa tunajua."

Baada ya hapo ikabidi tuvae kama panki. Nilitoboa masikio kwa pini za nepi na kuichana suruali yangu magotini kwa wembe. Asubuhi nikaikuta imeshonwa vizuri kwa kipande cha pazia. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya kwanza kwaya ya akina mama, na hakuwa na muda wa falsafa.

"Utatembea magoti nje kama mtu hana mama?" aliniuliza. Nikaichana tena, akaishona tena. Mwishowe ile suruali ilikuwa na viraka vingi kuliko kitambaa chake, na watu wa Zombe wakadhani ndiyo mtindo wenyewe. Mchungaji naye aliniombea mara tatu. Mara ya tatu alinishika kichwa akakizungusha kana kwamba kina kifuniko.

Lakini wimbo uliotutoa haukutoka kwa shetani. Ulitoka kwenye foleni ya maji.

Kwetu kulikuwa na kioski kimoja cha maji, na ufunguo wake aliushika mwenyekiti wa kamati ya maji, aliyeuning'iniza kwenye mshipi wake. Alifungua alipojisikia. Kwa hiyo akina mama waliacha mitungi yao imepangwa mstari mbele ya kioski, wakaenda zao shambani. Mtungi ulikuwa ndiyo mtu mwenyewe. Kila mmoja alijua wa nani uko wapi: wa kwanza ulikuwa wa manjano usio na mpini, wa pili ulizibwa kwa gunzi la hindi, wa tatu ulikuwa mdogo wa mafuta ya kupikia, wa nyanya mmoja ambaye mgongo wake haukuweza zaidi ya lita tano. Wa nne ulikuwa wa buluu, wa mama yangu. Ungeweza kuondoka siku mbili na kuukuta mtungi wako palepale. Kumwibia mtu kuku ilikuwa kosa, lakini kusogeza mtungi mbele ya wa mwenzako lilikuwa jambo la kukunyima watu wa kukuzika.

Mmoja tu alisogeza. Mke wa mwenyekiti alifika wa mwisho kila siku, na mitungi yake ilijikuta mbele kila siku. Akina mama waliguna. Hakuna aliyesema kitu, maana mwenye ufunguo alikuwa mumewe.

Sasa, nyimbo za kwetu zina desturi moja. Gitaa likishika kasi katikati, mwimbaji huacha kuimba na kuanza kuita watu: fulani wa mahali fulani, mtoto wa fulani, nakuona. Aliyetajwa hutembea wiki nzima akiwa mrefu kuliko alivyozaliwa. Sisi mapanki tulijidai kudharau muziki wa wazee wetu, lakini desturi hiyo hatukuweza kuiacha, kama vile mtu hawezi kuacha lafudhi yake. Tukatunga wimbo wa ule ufunguo, na gitaa liliposhika kasi nikawaita kwa mayowe akina mama kumi na mmoja, kwa mpangilio wa mitungi yao. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama yangu wa nne. Na wa kumi na moja, mwishoni kabisa, mahali pake halisi, mke wa mwenyekiti.

Tuliupiga mara ya kwanza Zombe, siku ya soko, kando ya zizi la mbuzi. Mama alikuwepo, ameshika kikapu, uso umekaza kwa aibu ya pini zangu. Nilipofika jina la nne nilimwona akitikisa kichwa kidogo, mara moja tu, kama mtu anayethibitisha hesabu. Sijawahi kupewa tuzo iliyonifurahisha kama kile kichwa. Wiki hiyo hiyo mke wa mwenyekiti aliweka mitungi yake nyuma mwenyewe, na baada ya siku chache ufunguo ukahamia kwenye msumari wa kioski.

Majina yenyewe siyaandiki hapa. Nilishayafuta mara moja, na utaona vipi.

Mwaka uliofuata tulialikwa Kibwezi, kwenye maonyesho ya wakulima wa matikiti. Tulipangwa kati ya hotuba ya afisa wa mbolea na shindano la tikiti kubwa. Produsa mmoja kutoka Nairobi, aliyekuwa safarini kwenda Mombasa, alisimama kununua matikiti akasikia koo langu. Akanipa kadi.

Studio yake ilikuwa na zulia ukutani. Niliimba wimbo wa ufunguo, akausikiliza macho yamefumbwa, na nilipoanza kuita akina mama akayafumbua.

"Hii ngoma ni kali, siste," akasema. "Lakini hawa wamathe ni akina nani?"

"Ni watu wa foleni."

"Foleni gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza kwa heshima, kama unavyomsikiliza mgonjwa. Kisha akasema redio haiwezi kupiga majina ya wamathe kumi na moja wa huko kwetu, kwamba pale kati tutaweka solo ya gitaa, na kwamba mpiga gitaa anaye na mpiga ngoma anaye, mimi nilete sauti tu. Ningependa kuandika kwamba nilibisha. Niliuliza choo kiko wapi, nikajitazama kwenye kioo, nikarudi nikasema sawa. Binamu na fundi niliwaarifu kwa ujumbe wa simu wenye makosa mawili ya tahajia na alama moja ya moyo. Binamu hakujibu. Fundi alijibu, "Mungu akufungulie," na kwa kuwa ni mtu mwema, alimaanisha hivyo.

Basi nikawa nyota. Nilipewa mtaalamu wa mavazi, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandua viraka vya mama na kuichana upya suruali ile ile, magotini pale pale. Nilipewa mwalimu wa sauti, akanifundisha kukwaruza koo bila kuliumiza. Picha yangu ikawekwa kwenye bango kubwa Kibwezi, barabara ya Mombasa, nikitabasamu na chupa ya soda, na madereva wa malori wakawa wanaegesha kivulini mwangu. Mchungaji akanitambulisha kanisani kama mtoto wetu, akisema tangu zamani aliona kitu kichwani mwangu. Siwezi kukataa, alikuwa amekizungusha vya kutosha.

Ule wimbo ulipigwa hadi kwenye harusi. Ulikuwa bado unasema ufunguo, lakini hakuna aliyejua ufunguo wa nini wala nani ana kiu. Nilimtumia mama kwenye simu. Nilipompigia kumuuliza, alisema mvua imekataa, kunde zimekauka, na je, nakula? Kuhusu wimbo hakusema neno. Nilijua. Alikuwa ameusikiliza mpaka pale kati, akangoja zamu yake, na zamu haikufika.

Jambo hilo lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Kwa hiyo nilipoalikwa kuimba Mutomo, kwenye uzinduzi wa tangi jipya la maji, nilikubali kabla meneja hajamaliza sentensi. Nilikuwa na mpango mmoja tu: nitaimba wimbo wa ufunguo, na solo ikifika nitaizima, nitamwita mama yangu mbele ya watu wote, na atatikisa kichwa.

Mshereheshaji wa siku hiyo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Alikuwa amenenepa na amevaa suti.

"Huyu msichana ni mimi nilimlea kimuziki!" alitangaza. "Ule wimbo wa ufunguo, wananchi, ufunguo ulikuwa wangu!"

Watu wakapiga makofi. Tangi lilisimama nyuma yake, jeupe, lenye picha ya mheshimiwa mbunge ubavuni. Mama yangu alikuwa amekalishwa hema la wageni, kiti cha mstari wa mbele, na alikikalia nusu tu, kama mtu anayeogopa kukichafua. Wenzake wa foleni walikuwa juani, nyuma ya kamba. Binamu na fundi nao niliwaona huko nyuma, wamekunja mikono.

Niliimba. Vijana wakaruka. Lakini nilipokaribia katikati niliona akina mama wa juani wakisogea kwenye kamba, wakaniangalia. Walikuwa wanangoja. Miaka yote hiyo walikuwa wanangoja. Nikainua mkono, bendi ikateremsha sauti, nikashika maikrofoni kwa mikono miwili na kumwita mama yangu. Jina lake lote, mahali alipozaliwa, mtoto wa nani. Nililia kidogo. Kamera ikanisogelea.

Nikamngoja atikise kichwa. Hakutikisa. Uso wake ulikuwa umekaza kama siku ile ya pini.

"Aiya," mtu alisema kwenye kamba. Vijana nao wakaacha kuruka, wakigeuka kuona kuna nini.

Mama akainuka. Akatoka hemani mbele ya wageni wote, akapita chini ya kamba akiwa ameshika kiuno, akasimama juani na wenzake. Akasema, si kwa ukali, lakini koo lile la sauti ya kwanza halihitaji maikrofoni:

"Mimi ni wa nne."

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nilikuwa nimeuchukua mtungi wa buluu na kuuweka mbele ya watu watatu, mchana kweupe, na vipaza sauti juu.

"Anza tena, mwanangu," alisema nyanya wa lita tano, kwa upole. "Anza na wa kwanza."

Nikafungua mdomo. Wa kwanza alikuwa mwenye mtungi wa manjano usio na mpini. Niliuona mtungi wazi kabisa. Nilimwona hata yeye, alikuwa mita kumi kutoka kwangu, ananitazama. Jina halikuja. Nilikuwa nimeliimba kila siku juu ya injini ya dizeli, na sasa halikuwepo. Niliona haya ambazo sijui nizielezeje, haya za mwilini, nimesimama na suruali iliyochanwa kitaalamu mbele ya watu niliowasagia mahindi.

Alinisubiri, kisha akalitaja jina lake mwenyewe. Wa pili akataja lake. Nyanya akataja lake na la marehemu mumewe. Mama yangu akataja lake, la nne, na wenzake wakaitikia. Fundi alikuwa amepata debe mahali fulani, binamu akalipiga polepole. Walikwenda hivyo mpaka wa kumi, debe likasimama. Ndipo mke wa mwenyekiti, aliyekuwa hemani kando ya kile kiti kitupu, akasimama, akarekebisha kilemba, akataja lake. Wakamwitikia yeye pia. Mimi nilikuwa jukwaani na maikrofoni ghali, na hakuna aliyeihitaji.

Tulipokuwa tukienda nyumbani nilimwambia mama nilitaka kumheshimu.

"Umenirukisha laini," akasema. "Kesho nitaangalia wale watu na macho gani?"

"Nisamehe, mwaitu."

Tulipofika mlangoni akageuka. "Kesho kuna maji," akasema. "Mtungi wako uko wapi?"

Sikuwa nao. Asubuhi nikaazima mmoja kwa mama mdogo, wenye vumbi la unga. Tangi la mheshimiwa lilikuwa halijaunganishwa na bomba lolote, kwa hiyo watu wote walikuwa kwenye kioski cha zamani. Nikauweka mtungi wangu mwisho. Mke wa mwenyekiti aligeuka akautazama, akasema tu, "Kumi na mbili." Meneja alinipigia simu mara saba, maana jioni nilitakiwa Nairobi.

Maji yalikatika kwa mtu wa tisa. Wa kumi na wa kumi na moja waliguna, wakaiacha mitungi yao na kuondoka. Mama alikuwa ameshajaza wake na kungoja; sasa akajitwika, na alipopita karibu yangu alisimama bila kugeuza kichwa.

"Wako uache hapo hapo," alisema. "Usiusogeze."

Nikauacha, nikaketi kwenye jiwe kando yake, nikaanza kumuuliza jirani aliyekuwa akipita jina lote la yule wa kwanza: ni wa wapi, mtoto wa nani.