Jezi Namba Tisa

Kwa miaka kumi na sita Saadi Maftah alikuwa na dawa moja kwa kila kompyuta iliyoingia kwenye fremu yake ya duka pale Nkende, mjini Tarime. Kompyuta nzito, alipiga window. Yenye virusi, alipiga window. Isiyotoa sauti, alipiga window. Maana yake alifuta kila kilichokuwamo ndani na kuweka mfumo upya, na jioni mwenyewe aliondoka na mashine nyepesi, asijue amepoteza nini mpaka siku aliyokitafuta. Mafundi wengine wa mtaa ule walifanya hivyo hivyo. Ilikuwa kazi ya saa moja na nusu, na haikuhitaji kufikiri.

Alhamisi moja asubuhi aliingia mwanamke kutoka Gorong'a, mtoto mchanga mgongoni, na nyuma yake kijana wa bodaboda amebeba kompyuta iliyofungwa kwa khanga. Jina lake Rhobi. Alisalimia, akakaa, na kabla Saadi hajauliza shida akasema, "Fundi, hii usipige window. Nimeambiwa habari zako."

Saadi alicheka kidogo. Rhobi hakucheka.

Mumewe, Elia, alikuwa na gemu ya mpira ya zamani, ya miaka ile ambayo wachezaji walikuwa na nyuso kama za vinyago. Alikuwa akifuta majina ya wachezaji na kuandika ya watu wa kwao. Golikipa alimpa jina la baba yake mzazi, mzee Nyangwine, kwa sababu, alisema, hakuna kitu kilichowahi kumpita. Rhobi alipokuwa na mimba ya miezi saba, Elia alimwambia kwamba mtoto ameshasajiliwa. Ni jezi namba tisa, na jina ataliona akishajifungua. Wiki mbili baadaye pikipiki yake iliacha njia ya Kemambo wakati wa mvua, na akafa palepale.

Mvua hizohizo zilileta radi iliyounguza monita yao. Shemeji yake akamnunulia nyingine huko Sirari, bapa, nyembamba kama daftari. Kompyuta iliwaka vizuri. Lakini kila mara gemu ilipofunguliwa, kioo kiligeuka cheusi na katikati yakatokea maandishi madogo kwamba picha imezidi uwezo wake.

"Mzee yuko nje," Rhobi alimaliza. "Nenda akuambie mwenyewe."

Mzee Nyangwine alikuwa ameketi ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la fundi viatu, fimbo katikati ya magoti. Saadi alimwamkia shikamoo, akamkaribisha ndani. Mzee aliitikia marahaba na kukataa kuingia. Ndani mlikuwa na mke wa mwanawe, na kwao baba mkwe na mkaza mwana hawakai chumba kimoja, wala hawapeani kitu mkono kwa mkono. Walikuwa wamekuja kwa pikipiki mbili.

"Mura," mzee alisema, akimwita kijana kwa lugha ya kwao, "ukoo unakaa kikao Jumamosi. Mimi nimesema mtoto ataitwa Wangwe, jina la kaka yangu. Huyo anasema marehemu aliacha jina. Kama lipo, lisome uniletee. Siwezi kuja kuangalia. Utakachosema wewe ndicho."

Saadi alivuka barabara kurudi dukani, na maneno hayo ya mwisho yakamkaa kifuani. Miaka mitatu nyuma Mwalimu Filemoni, anayefundisha jiografia, alimletea kompyuta isiyotoa sauti. Saadi akaipiga window bila kuuliza. Ndani mlikuwa na picha za miaka kumi na moja za mke wa Mwalimu, aliyekuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Mwalimu alipokuja kuulizia, Saadi alimwambia kwamba diski ilikuwa imeshakufa ilipofika. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akalipa, na hakurudi tena.

Kwa hiyo siku hiyo alianza na jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo: alinakili folda nzima ya gemu kwenye flashi mbili, akampa Rhobi moja aishike. Kisha akaanza kuhangaika. Alipunguza ukubwa wa picha kwenye mfumo. Gemu haikujali, ilikuja na ukubwa wake. Alijaribu kuilazimisha ifunguke katika dirisha dogo, ikafunguka, ikajifunga. Alitafuta faili la mipangilio, akalipata, akalifungua, akakuta alama zisizosomeka. Aliihamishia kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ikagoma kabisa, haikuitambua kadi ya picha. Saa sita umeme ukakatika. Wakangoja, mtoto akanyonya, na ng'ambo ya barabara mzee hakusogea hata pale jua lilipofika kwenye benchi. Saadi alimpelekea soda. Mzee aliuliza kama kuna habari. Hakukuwa na habari.

Umeme uliporudi saa nane, Saadi alikuwa ameshaelewa tatizo, na kulielewa hakukumfariji. Gemu ilikuwa bado inaikumbuka monita iliyoungua. Ilituma picha kwa kasi ambayo monita zile za zamani zilizoea na hii bapa haikuiweza. Kuiweka gemu upya kungeondoa kumbukumbu hiyo, na majina yangeondoka nayo, kwa kuwa vyote vilikuwa katika faili lilelile lisilosomeka. Alijikuta ameshika flashi yenye mfumo, ile aliyoitumia kila siku. Akairudisha kwenye droo.

Ilihitajika monita ya kichogo, ile nene ya zamani. Alizunguka kwa mafundi wenzake wanne, na wote walikuwa wameshauza zao kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wa mwisho, akichokonoa meno, alimwambia kwamba anajua moja tu iliyobaki mjini. Iko sebuleni kwa Mwalimu Filemoni, imewekewa maua ya plastiki juu.

Saadi alisimama nje ya geti la Mwalimu kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye haraka.

Mwalimu alimfungulia mwenyewe. Alimsikiliza habari ya mtoto, ya jezi, ya mzee aliyekaa juani. Kisha akauliza, "Na hii ukishindwa, utawaambia ilikuwa imeshakufa?"

Saadi alitazama chini. Akasema kwamba diski ile haikuwa imekufa. Yeye ndiye aliyefuta, kwa mazoea, na alipoulizwa aliona haya.

"Najua," Mwalimu alisema. "Niliipeleka Musoma nikaambiwa nzima." Aliondoa maua, akafuta vumbi kwa kiganja. "Chukua. Ina uzito, usiibebe kwa waya."

Saa kumi Saadi aliiweka mezani, akachomeka nyaya, akafungua gemu. Kioo kilinguruma, kikatetemeka, na uwanja ukatokea, wa kijani iliyokolea, umepinda kidogo pembeni. Rhobi aliinuka. Saadi alienda kwenye orodha ya timu. Timu iliitwa Gorong'a. Namba moja: Nyangwine. Namba mbili, tatu, nne, majina ya watu wa kwao, na Rhobi akiyatambua moja baada ya jingine kwa sauti ya chini. Kisha akaacha. Saadi naye alikuwa ameshaona.

Mbele ya namba tisa palikuwa patupu.

Alifungua ukurasa wa mchezaji huyo. Elia alikuwa ameshafanya kila kitu kingine. Umri, mdogo kuliko wote ulioruhusiwa na gemu. Urefu, mrefu kuliko baba yake. Nywele fupi. Mguu, wa kushoto. Jina la zamani lilikuwa limefutwa, na nafasi yake ikaachwa wazi.

Rhobi alikaa chini taratibu, kama mtu anayeogopa kiti hakipo. Mtoto alianza kulia naye hakumgusa. Baadaye akasema, bila kumwangalia Saadi, "Andika."

"Niandike nini?"

"Jina lolote. Mzee hataingia humu."

Ilikuwa kweli. Kibodi ilikuwa mbele yake, na hapakuwa na mtu duniani ambaye angejua. Jumamosi ingepita, mtoto angekua na jina aliloachiwa na baba yake, na Saadi angekuwa amemtendea wema mjane. Alifikiri hivyo, na mikono yake ikabaki mapajani.

"Dada, nimetoka kwa Mwalimu sasa hivi," alisema hatimaye. Rhobi hakuelewa, na yeye hakueleza. "Siwezi."

Rhobi alimfungua mtoto, akamgeuza, akamweka kifuani. Kisha akasema, "Basi kamwambie. Lakini mwambie yote uliyoyaona, si hilo tu."

Saadi alivuka barabara. Alimwambia mzee kwamba jina halikuandikwa, na mzee akatikisa kichwa kama mtu aliyekuwa amejua. Akaanza kujiinua kwa fimbo. Saadi akaendelea: golikipa ni wewe, mzee. Mtoto amepewa urefu, amepewa nywele. Amewekwa mguu wa kushoto.

Mzee akarudi kukaa.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Fundi viatu aliacha kugonga. Mzee alitazama mkono wake mwenyewe juu ya fimbo.

"Elia alizaliwa wa mkono wa kushoto," alisema. "Nilimfunga ule mkono kwa kamba ya katani mwaka mzima, mpaka akazoea mkono wa kulia. Alikuwa analala nayo. Mwambie mama yake kwamba mtoto ataitwa Wangwe. Hilo limesemwa. Na mwambie kwamba akishika kijiko kwa kushoto, hakuna atakayemfunga. Nenda umwambie hivyo hivyo."

Saadi alirudi na kumwambia hivyo hivyo. Rhobi alisikiliza akitazama kioo. Saadi akamuuliza kama sasa ajaze pale patupu, kwa kuwa jina limepatikana.

"Acha," alisema. "Hapo ndipo baba yake alipofikia."

Saadi alifunga gemu bila kubadilisha kitu. Kisha akaifunga monita ya Mwalimu kwa khanga ya Rhobi, akaipakia kwenye pikipiki iende Gorong'a pamoja na kompyuta, na akasema kwamba yeye ndiye atakayekwenda kumwambia Mwalimu kwamba haitarudi.